Kisu cha kutoa bakuli ndani ya bakuli: uzoefu wangu na gogo bichi la mwembe

Kwa fundi anayekereza mabakuli makubwa, yaani anayeyachonga kwa mashine inayozungusha mbao, kutoka kwenye magogo mabichi, kisu cha kutoa viini ni kifaa cha kununua. Lakini kama mbao zako unazinunua kavu, zimekwisha pasuliwa inchi mbili mbili, au mashine yako ni ile ndogo ya kukaa juu ya meza, pesa yako iweke kwenye bobari (patasi yenye ncha ya mviringo) nzuri na jiwe la kunoa. Hili naona halisemwi na wauzaji.

Bakuli la kawaida linakerezwa kwa kuchimba tumbo lote la gogo. Ukimaliza una bakuli moja na magunia ya maranda. Kisu hiki kina ubapa wa chuma uliopinda kama mundu, na ncha ya chuma kigumu. Kinaingia kwenye uso wa gogo linalozunguka na kufuata mviringo wake mpaka chini, kisha kiini kinatoka kizima. Kiini hicho ni bakuli la pili, na ndani yake mna la tatu. Mchirizi unaopotea hauzidi sentimita moja.

Aina zake si nyingi. Kuna zile zinazoshikwa kwa mkono, ubapa ukipita katikati ya vigingi viwili vya chuma, kama alivyobuni Kel McNaughton wa New Zealand. Hizo zinakupa uhuru wa kuchagua umbo, ila zinataka mkono uliozoea. Kuna zile ambazo kisu kimefungwa kwenye mkono wa chuma unaozunguka mhimili, kwa hiyo njia yake haibadiliki. Oneway wa Kanada na Woodcut wa New Zealand wanatengeneza za namna hiyo. Yangu ni ya mhimili. Niliichagua kwa sababu nafanya kazi peke yangu na sikutaka kisu kinachoweza kupotea njia ndani ya gogo zito.

Mwembe ndio mti wangu wa kazi. Huku pwani mwembe mzee ukikatwa kupisha ujenzi, mara nyingi unaishia tanuri la mkaa, na mwenye nyumba hufurahi ukimwondolea shina. Napasua shina kwa urefu, naondoa moyo wa mti kwa sababu ufa huanzia hapo, kisha nakata duara. Utomvu wake unawasha ngozi, kwa hiyo mwenye ngozi nyepesi avae mikono mirefu.

Sasa kazi yenyewe. Nakereza kwanza nje ya gogo, pamoja na ulimi, yaani kitako kifupi cha kushikwa na taya za mashine. Huo ulimi usiufanye mwembamba: kwa gogo la sentimita 35 mimi naupa upana wa sentimita 10 au zaidi, maana mzigo wote wa kisu unaishia pale. Mashine naiweka mizunguko kama 500 kwa dakika. Naanza na kiini kidogo kabisa, halafu cha kati. Nikifuata mpango huo, gogo linabaki limeshikwa na ulimi wake ule ule mpaka mwisho, nami silazimiki kufungua na kufunga kila mara.

Kisu kinasukumwa taratibu. Gogo bichi linarusha maji usoni, na maranda yanatoka marefu na yenye joto. Kila kinapozama kidogo nakirudisha nyuma na kutoa maranda kwenye mchirizi, kwa sababu yakijaa yanabana ubapa na mkanda wa mota unaanza kuteleza. Sehemu ninayoipenda ni mwisho: kadiri shingo ya chini inavyokuwa nyembamba, mlio unabadilika, unakuwa wa juu na mtupu. Nikiusikia nazima mashine, naingiza kabari ya mbao kwenye mchirizi, nagonga mara moja na kiini kinaachia. Wapo wanaoendelea kukata mpaka kiini kianguke chenyewe. Mimi siwashauri, kipande cha kilo kadhaa kinachozunguka hakina adabu.

Kiini kikitoka hakina pa kushikwa. Nakibana kati ya taya na kichwa cha nyuma cha mashine, nakikerezea ulimi wake, na hapo kimekuwa bakuli kama kaka yake.

Kasoro zipo. Kisu kinachofuata mhimili kinakupa umbo la nusu tufe tu. Ukitaka bakuli pana lenye kitako bapa, utalikereza upya na kupoteza mbao. Ncha inapoteza makali haraka ukikuta mchanga kwenye ganda, kwa hiyo ganda naliondoa lote mapema na kunoa baada ya kila kiini. Mota isiyofika nguvu za farasi 1.5 itasimama katikati ya gogo, na umeme ukikatika kisu kikiwa ndani, kichomoe kabla hujagusa kitu kingine. Kifurushi changu kilifika bila kipande cha kuunganisha na mashine. Muuzaji alikaa kimya, na fundi vyuma wa mtaani ndiye aliyenichongea. Pima mashine yako kabla ya kuagiza: kimo kutoka kitanda cha mashine hadi katikati ya ekseli inayozungusha gogo, na upana wa shimo la egemeo la kuwekea kisu.

Usidhani ukishatoa mabakuli matatu kazi imekwisha. Mti mbichi ukikauka unasinyaa zaidi kufuata duara la miaka kuliko kuelekea moyoni, karibu mara mbili, kwa hiyo bakuli la duara linageuka yai. Dawa yake ni kuacha ukuta mnene, sehemu moja ya kumi ya upana: bakuli la sentimita 30 unaliachia ukuta wa sentimita 3. Napaka nta kwenye ukingo na kote nyuzi za mti zinapokatwa kichwa, naziweka bakuli kivulini ndani ya mifuko ya karatasi, na kuzipima kwa mizani. Uzito ukiacha kushuka, mti umekauka. Inachukua miezi mingi. Kwa mwembe usizifunge kwenye nailoni, kuvu inaingia upesi. Ingawa ile michirizi myeusi ya kuvu, ikidhibitiwa mapema, wateja wengine wanaipenda kuliko mti safi.

Baada ya hapo narudisha kila moja kwenye mashine, nalikereza mpaka unene wa mwisho, msasa, kisha nta ya nyuki. Zikikaa moja ndani ya nyingine, mstari wa kahawia wa mti unapita kutoka bakuli kubwa hadi dogo bila kukatika, kwa sababu zote zimetoka mahali pamoja. Mteja anaona hilo kabla hajauliza bei. Ndiyo maana siziuzi moja moja, hata anayetaka lile dogo peke yake namwomba achukue seti nzima au asubiri nimkerezee lingine.