Uzamili wa saikolojia ya kiroho kwa intaneti, ukiwa Nairobi

Saikolojia inayovuka nafsi (transpersonal), yaani ile inayochunguza uzoefu wa kiroho, iliyochipuka Marekani miaka ya 1960 kupitia kina Abraham Maslow na Stanislav Grof, sasa unaweza kuisomea chuo cha Uingereza ukiwa Umoja au Rongai. Uzamili mzima ni krediti 180, na kila krediti ni saa 10 za kazi. Ukiugawa kwa miaka miwili, tenga takriban saa 17 kwa wiki.

Kinachopendeza zaidi ni shajara ya tafakuri. Unatulia, kisha unaandika mwili ulihisi nini na wazo gani lilirudi, kabla hujalitafutia maana. Wengi huharibu hapa: wanaandika mahubiri, na msahihishaji hana la kuchambua.

Tasnifu, krediti 60, inataka mipango ya mapema. Ukitaka kuwahoji Waakorino, waumini wa Kikristo wa Kenya wanaovaa vilemba, kuhusu ndoto zao, pata kwanza idhini ya maadili ya chuo, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya. Ukihoji kabla ya idhini, kazi hiyo yote inaweza kukataliwa.

Kipindi kinachoanza saa moja usiku London huanza saa tatu usiku huku. Mwishoni mwa Oktoba, Waingereza wakirudisha saa nyuma, kinakuwa saa nne.

Cheti hiki peke yake hakikuruhusu kutibu watu. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014 inadai usajili. Kwa kasisi wa hospitali au muuguzi wa wagonjwa mahututi, naupendekeza uzamili huu bila kusita. Anayetaka kufungua kliniki aanze na saikolojia ya ushauri hapa nyumbani.