Wosia uliobebwa kichwani: nimeitazama Fragments of the Last Will

Jumamosi usiku nilimwekea mama filamu ya Kijapani ya mwaka 2022, iliyoongozwa na Takahisa Zeze. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo kazi ya kutafsiri ikaniangukia mimi, saa mbili na ushee, mpaka koo likakauka.

Kisa ni cha kweli. Vita vilikwisha 1945, lakini Wajapani wapatao 600,000 walioshikwa na jeshi la Kisovieti hawakurudishwa kwao. Walisombwa hadi Siberia kukata magogo na kujenga reli kwenye baridi ya kugandisha mate. Kama 60,000 walifia huko. Mmoja wao ni Hatao Yamamoto (Kazunari Ninomiya). Alijua Kirusi, akashtakiwa ujasusi, akapigwa miaka 25. Wenzake wakikata tamaa, yeye anawarudia neno moja tu: "damoi", yaani nyumbani. Mama alilidaka hilo, hadi leo ananitania nalo nikichelewa kurudi.

(Mniwie radhi, sasa nafichua.) Yamamoto anashikwa na saratani, anaandika wosia kwa mama yake, mkewe na watoto wake wanne. Lakini kambini karatasi ni kosa, wakipekuliwa, zinachukuliwa. Basi wenzake wanagawana wosia ule, kila mmoja anahifadhi kipande chake kwa moyo, kama tulivyohifadhi sura chuoni utotoni. Yeye alifariki 1954. Meli ya mwisho iliwarudisha kwao Desemba 1956. Muda wote huo watu wazima wanatembea na maneno ya marehemu kichwani, halafu wanafika mmoja mmoja kwa mjane, Mojimi, na kuyasoma bila karatasi. Hapo sauti ilinikata. Mama akasema, "Nyamaza basi, nimeshaelewa."

Kasoro zipo. Ninomiya ana mashavu ya mtu aliyekula vizuri. Warusi karibu wote ni kufoka na bunduki tu. Na muziki! Kila penye uchungu unakusukuma ulie, wakati machozi yalikuwa yanakuja yenyewe. Kuna pia mbwa, Kuro, anayejitosa kwenye bahari ya barafu kuifuata meli. Nikacheka nikidhani ni chumvi za watu wa sinema. Kumbe mbwa huyo alikuwepo kweli.

Nyota nne. Ya tano wameila wapiga fidla.