Albamu ya sarafu ya plastiki laini: nyota 1, na hiyo ni ya jalada

Albamu hizi za kurasa laini zinazouzwa kwenye stesheneri za Mwanza mjini zinavutia mkononi. Mifuko inapinda bila kupasuka, sarafu inaonekana pande zote mbili, na hata santimu 10 za makoloni ya Ufaransa za enzi ya mfalme Charles X, pande la shaba la gramu 20 hivi, zinaingia bila kulazimisha.

Ulaini huo ndio ugonjwa. Plastiki ni PVC, na kinachoilainisha ni mafuta yaliyochanganywa humo. Joto likizidi yanatoka na kutanda juu ya sarafu. PVC yenyewe ikichakaa inatoa asidi ya hidrokloriki. Sarafu ya madini ya fedha huvumilia kidogo, ya shaba haivumilii, hasa kwa unyevu huu wa ziwani. Utaona ute wa kijani unaonata, ukianzia kwenye mabonde ya herufi. Kwenye santimu 5 na 10 za Said Ali, sultani wa Ngazija huko Komoro, zilizopigwa Paris zikiwa na mwaka 1308 wa Hijria, ute huo hujificha ndani ya maandishi ya Kiarabu, ukadhani ni uchafu wa kawaida.

Kabla ya kununua, nusa: ukurasa ukinuka kama pazia jipya la bafuni, rudisha. Uhakika zaidi: shika waya wa shaba kwa koleo, uchome kwenye gesi hadi moto usiwe na rangi, uguse plastiki, uurudishe motoni. Mwali wa kijani maana yake kuna klorini. Fanyia nje, moshi wake ni mbaya.

Sarafu iliyokwisha kushikwa na ute huo, iloweke kwenye asetoni safi (kimiminika cha kuyeyushia mafuta) ndani ya glasi, mbali na moto, dakika 10 hivi, kisha isuuze kwenye asetoni nyingine. Usisugue. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha haifai, mara nyingi ina mafuta na manukato. Limau ndiyo balaa kubwa: linavua ngozi ya kahawia ya miaka karibu 200 na kuacha shaba ya waridi ambayo hakuna mkusanyaji anayeitaka. Palipokwisha kuliwa, shimo linabaki, asetoni haizibi.

Badala yake tafuta kadi za kukunja zenye dirisha la poliesta, plastiki isiyo PVC. Ni ngumu, zinakwaruza ukichomoa sarafu kwa pupa, kwa hiyo fungua kadi yote kwanza. Boksini tia vile vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, vya kwenye maboksi ya viatu, na uvibadilishe masika yakianza.