Nimefungua ekzosi ya msumeno wangu wa mnyororo: miezi minane baadaye

Msumeno wangu una injini ya ujazo wa cc 59, wa kabureta ya kawaida yenye skrubu zake tatu, na nimeufanyia kazi miaka minne. Kwa magogo membamba sikuwahi kuulalamikia. Shida ilikuwa kwenye miti minene: bamba linaloshika mnyororo likizama lote, injini inazidiwa, mlio unashuka, nami nalazimika kuunyanyua kidogo ndipo upate pumzi. Hapo ndipo nilipoanza kufikiria kuipanua ekzosi, kile kikopo kinachotolea moshi.

Kabla ya kushika drili niliifungua nikatazama ndani. Kile kiwavu cha kuzuia cheche kilikuwa kimezibwa na masizi, nusu yake haipitishi hata mwanga. Nilikisugua kwa brashi ya waya, nikakirudisha, na msumeno ukachangamka siku ileile. Kwa hiyo kama wako umepungua nguvu kidogo kidogo, anzia hapo, pengine hutahitaji kutoboa chochote. Na kosa la cheni butu usiisingizie ekzosi.

Mimi nilitaka zaidi ya hapo. Injini ya mipigo miwili haina valvu: moshi hutokea kwenye tundu la silinda pale pistoni inaposhuka, na kwa mizunguko 13,000 kwa dakika tundu hilo hukaa wazi kama milisekunde mbili tu kila mzunguko. Ekzosi ikiwa na mdomo mdogo, moshi wa zamani hubaki ndani na kuchukua nafasi ya mchanganyiko mpya wa hewa na petroli. Ila ukiupanua mno, mchanganyiko mbichi nao hutoroka pamoja na moshi. Nilipima tundu la silinda: milimita 34 kwa 16. Mdomo wa ekzosi ulikuwa wa kipenyo cha milimita 14, yaani haufiki hata theluthi ya tundu lile. Nikaongeza tundu la pili la milimita 17. Jumla ikawa karibu asilimia 70, na hapo nikasimama.

Sikuigusa ekzosi ya asili. Nilinunua nyingine na kuitoboa hiyo, mezani, mbali kabisa na injini. Kutoboa ekzosi ikiwa imefungwa kwenye silinda ni kuua msumeno, maana unga wa chuma ukiingia, pistoni na silinda zinachanika. Nilipiga tupa kingo zote, nikaikung'uta na kuipuliza mpaka haitoi hata chembe, kisha nikafunga kiwavu kingine kwenye tundu jipya. Gasketi nayo niliweka mpya.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu wengi wanaoharibu injini wanaharibia hapa. Nilipowasha kwa mara ya kwanza, mlio ulikuwa mwembamba, mkali, kama wa mbu sikioni. Nilipoachia mafuta, mizunguko ilichelewa kushuka. Kipima mizunguko kilionyesha 14,400, wakati kitabu cha mashine kinasema mwisho ni 13,000. Nikazima papo hapo. Moshi ukitoka kwa urahisi, hewa inaingia nyingi kuliko petroli, na kwa kuwa oili ya kulainisha imo ndani ya petroli hiyohiyo, pistoni inapata joto kali huku ikikosa oili. Dakika chache za kukata hivyo zinatosha kuikwamisha.

Dawa yake ni skrubu ya H, ile ya kabureta inayopima petroli kwenye mwendo wa kasi. Niliizungusha kushoto kidogo kidogo, jumla yake kama robo mzunguko, mpaka msumeno ukiwa hewani bila mzigo ukaanza kuguguma kama mtu mwenye kigugumizi. Ukiugusisha kwenye mti, kigugumizi kinakata na mlio unanyooka. Huo ndio mlio ninaoutafuta. Baadaye nilirekebisha skrubu ya L, ya petroli ya mwendo wa polepole, na ile ya mwendo wa chini, nikihakikisha mnyororo hautembei mafuta yakiachiwa. Misumeno yenye kabureta inayojirekebisha kwa umeme hujipanga yenyewe kwa kiasi fulani. Ile ambayo skrubu zake zimefungiwa zisizunguke, singeitoboa.

Matokeo? Gogo kavu la sentimita 45, cheni ileile niliyoinoa upya kila mara: kabla, wastani wa sekunde 27; sasa, 22. Lakini ninachokipenda ni kwamba naweza kuegemea kidogo katikati ya gogo na mlio usishuke.

Hasara nazo zipo. Petroli inakwenda haraka zaidi. Kelele imepanda mno, na msumeno hata kabla ya kuguswa unapita desibeli 100, kwa hiyo bila vizibo vizuri vya masikio siuwashi. Tundu langu la kwanza lilielekeza moshi juu, ukawa unanirudia usoni nikiinama kukata kisiki. Nililazimika kuchomelea kikofia cha bati kuuelekeza mbele, mbali na plastiki na mkono. Garantii inakufa. Na kuna nchi, Marekani ikiwa mojawapo, ambako kuchezea mfumo wa moshi ni kuvunja sheria ya hewa safi, kwa hiyo ulizia kwanza ulipo.

Msimu wa ukame, majani yakiwa makavu chini, naitoa hii na kurudisha ekzosi ya asili, kisha skrubu ya H naikaza robo ileile. Alama zote mbili nimezichora kwa rangi nyeupe kando ya skrubu, nisije nikasahau niko kwenye ipi.