Riwaya za polisi kuhusu wasichana waliopotea: ipi inunuliwe kwanza Lubumbashi

Anayetafuta mjini Lubumbashi riwaya ya upelelezi kuhusu msichana aliyepotea atakuta nyingi ziko kwa Kifaransa, aghalabu katika matoleo madogo ya mfukoni yaliyokwisha kupita mikononi mwa wengine, na muuzaji hutaja bei kwa kutazama unene wa kitabu kuliko ubora wake. Kipimo changu katika kuvipanga ni kimoja: je, kazi ya polisi yenyewe, pamoja na mafaili yake na mahojiano yasiyozaa kitu, ndiyo inayoisukuma hadithi?

Kwa kipimo hicho, cha kwanza ni Roseanna cha Maj Sjöwall na Per Wahlöö wa Uswidi, kilichotoka mwaka 1965. Maiti ya mwanamke kijana inaopolewa katika mfereji wa Göta, karibu na Motala, na nchini kote hakuna aliyekwenda polisi kusema kwamba amepotelewa na ndugu. Miezi inapita kabla mpelelezi Martin Beck hajajua hata jina lake, ambalo hatimaye linatoka Marekani. Ndipo polisi wanapoanza kukusanya picha zilizopigwa na watalii waliosafiri naye katika meli moja, kazi ya kuchosha ambayo waandishi wanaieleza bila kuharakisha, huku mahojiano ya waliomfahamu yakimrudishia marehemu utu wake. Ni kitabu cha kwanza kati ya kumi, hivyo mnunuzi hahitaji kutangulia kusoma kingine.

Kwa msomaji wa Kiingereza, ningekiweka karibu sawa nacho Last Seen Wearing… cha Hillary Waugh, cha mwaka 1952, ambamo mwanafunzi anatoweka chuoni katika jimbo la Massachusetts na msomaji hajui zaidi ya anachokijua mkuu wa polisi, Frank Ford. Anayevuka Kasumbalesa kwenda Zambia anaweza kuagizwa akitafute huko, ila aandikiwe jina la mwandishi, kwa maana Colin Dexter naye alitoa kitabu chenye jina hilohilo mwaka 1976.

Hicho cha Dexter, ambacho kwa Kifaransa kinaitwa Portée disparue, ni cha tatu. Barua inawafikia wazazi wa msichana aliyetoweka miaka miwili nyuma ikisema kwamba yu salama, naye Inspekta Morse anashikilia kwamba amekufa. Kinafurahisha, lakini Morse hubuni majibu kwanza na kutafuta ushahidi baadaye.

Miséricorde cha Jussi Adler-Olsen wa Denmark kina taharuki nyingi kuliko uchunguzi, kwa kuwa msomaji anaonyeshwa mapema kwamba mwanasiasa aliyepotea yu hai na anateswa. Mtoto wa shule asinunuliwe kitabu hicho. Cha mwisho ni Les hommes qui n'aimaient pas les femmes cha Stieg Larsson. Si kibaya, ila anayemtafuta Harriet, aliyetoweka mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka 16, ni mwandishi wa habari wala si polisi.

Kabla ya kulipa, fungua kurasa za mwisho uhakikishe hazijang'oka, pasipo kuzisoma. Kwa Larsson na Adler-Olsen, ambavyo ni vinene na watu wachache hurudia kuvisoma, ni afadhali kuuliza kwanza kama vinaazimwa katika maktaba ya Institut français, pale Halle de l'Étoile, na fedha ziwekwe kwa Roseanna.