Matamvua mabichi au ya kwenye formalini?

Anayetafuta vimelea vya sato wa bwawani, au wa vizimba vya Ziwa Victoria, ana njia mbili: kukagua matamvua, yaani viungo vyake vya kupumulia, samaki akiwa ametoka majini sasa hivi, au kuyahifadhi kwenye formalini ya asilimia 10 akayasome baadaye maabara.

Mimi nasimama na matamvua mabichi. Kata kipande kidogo, dondoshea maji ya bwawa lilelile, funika, kisha tazama kwa hadubini ukikuza mara 100. Trikodina, kimelea cha seli moja, utamwona akizunguka kama kisahani. Cichlidogyrus, mnyoo mdogo wa matamvua, anajinyoosha na kujikunja, kulabu zake zimeng'ang'ania nyama. Mwendo huo ndio unaomfichua. Samaki akishakufa, trikodina nao hufa au kuondoka upesi, kwa hiyo samaki aliyelala sokoni tangu asubuhi atakudanganya.

Formalini ina faida yake: sampuli inasafiri, na vipande vyembamba vikipakwa rangi huonyesha jinsi tishu zilivyoumia. Lakini inaharibu DNA. Ukitaka kupima vinasaba, weka vimelea vingine kwenye ethanoli ya asilimia 95. Na vaa glavu, fungua madirisha. Ule mvuke wa formalini unachoma macho kweli.