Poda za asili za kuzuia wadudu: ipi ununue ukiwa Tabora

Kabla hujatoa hela dukani, jua mambo mawili: unapambana na mdudu gani, na poda itakaa pakavu au itapata maji. Ukisema tu "nipe dawa ya asili ya wadudu" utapewa kifuko chochote, na hapo ndipo pesa inapotea. Poda inayomaliza mende jikoni haina msaada kwenye mchicha unaomwagiliwa kila jioni.

Namba moja kwangu ni udongo wa diatomu. Ni unga laini uliotokana na mabaki ya viumbe vidogo sana vya majini vilivyokufa zama za kale. Haumpi mdudu sumu. Unakwangua na kufyonza nta iliyofunika mwili wake, anapoteza maji, anakauka. Kwa hiyo usitegemee afe papo hapo, mpe siku kadhaa. Ukilowa haufanyi kazi, ndiyo maana kiangazi chetu cha Mei hadi Oktoba ndicho wakati wake. Kwa mende, sisimizi na kunguni, utie kwenye chupa laini ya plastiki iliyo kavu, toboa kifuniko kwa msumari, kisha minya upulize ndani ya nyufa za ukuta, nyuma ya kabati na kwenye maungio ya kitanda. Utando mwembamba unaoonekana kwa shida ndio unaotakiwa. Ukimwaga rundo, mende atalizunguka. Si kila duka la pembejeo linao, na ukiupata sisitiza uwe wa daraja la chakula. Kuna mwingine uliochomwa kwa ajili ya kuchuja maji ya mabwawa ya kuogelea: una silika ya fuwele inayoharibu mapafu, usiuingize nyumbani kabisa. Hata huo wa daraja la chakula, vaa barakoa unapoupuliza.

Ukitaka mdudu aanguke haraka, nunua pareto, namba mbili. Ni maua yaliyokaushwa na kusagwa, na hulimwa hapa hapa nchini, nyanda za juu kusini. Adui yake ni jua, ambalo huivunja nguvu upesi, hivyo angalia tarehe na ukatae kifuko kilichoanikwa mbele ya duka. Bustanini inyunyize jioni, nyuki wakisharudi mzingani, wala usiitie kwenye maua. Mkoa unaoishi kwa asali hauna sababu ya kuua nyuki wake. Inaua samaki pia, basi iwe mbali na kisima, mto na bwawa.

Mwarobaini ni namba tatu, na hapa nakushauri usinunue kama una mti jirani. Kausha majani kivulini, twanga, chekecha. Mbegu zina nguvu kuliko majani. Unga mzuri wa majani bado ni wa kijani na uchungu wake unakaa ulimini. Uliogeuka kahawia umepigwa jua. Unamfukuza mdudu na kumkatisha hamu ya kula zaidi ya kumuua, kwa hiyo uweke mapema, kabla hajazaliana.

Majivu yanafuata. Ni ya bure, na kwenye maharage ya mbegu yanasaidia kwa kujaza nafasi kati ya punje ili fukusi asipite. Yanatakiwa mengi, makavu, yaliyochekechwa, yasiyotokana na plastiki wala mbao zenye rangi.

Kwa dumuzi wa mahindi, nasema wazi: usiweke tumaini kwenye poda hizi. Mdudu huyu aligunduliwa Afrika kwa mara ya kwanza hapa hapa Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970, na wazee wanamkumbuka kwa jina la Scania. Majivu hayamzuii, na udongo wa diatomu anauhimili kuliko fukusi. Hela hiyo nunulia mfuko wa kinga njaa usiopitisha hewa. Mahindi yawe makavu kwanza: tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya glasi, tikisa, uache yatulie. Chumvi ikigandia chupa, rudisha mahindi juani.

Unga wa tumbaku nauweka mkiani ingawa Urambo na Sikonge upo tele. Nikotini hupenya ngozini, watoto hawapaswi kuugusa, na tumbaku huweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya na pilipili.

Kwa poda yoyote ya dukani, soma lebo kabla ya bei. Kiambato, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) viwepo. Poda iliyopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye nailoni usiinunue, hata muuzaji akiapa ni pareto tupu.